Uti wa Mgongo Ukiumia, Neva Huota Tena? Maswali Tunayoulizwa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Sisi wa fiziotherapia huulizwa mengi wodini, na zaidi kila mara video mpya ya mtu aliyepooza akitembea inapozunguka kwenye WhatsApp. Zamani jamaa waliuliza tu, "Atapona?" Siku hizi wanauliza, "Ule utafiti wa neva umefika wapi?" Hapa chini ni maswali yanayorudi sana na majibu ninayoyatoa.

Daktari alisema mifupa imevunjika, lakini shida kubwa ni uti. Tofauti ni ipi?

Pingili ni mifupa. Uti tunaouzungumzia hapa ni ule ugwe laini wa neva unaopita ndani ya pingili, kuanzia chini ya ubongo hadi karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi, na unene wake haupiti wa kidole. Jozi 31 za neva hutoka humo kwenda mikononi, kifuani, miguuni, kwenye kibofu na kwenye utumbo.

Mtu anaweza kuvunjika pingili na uti ukabaki salama. Kinyume chake pia hutokea, hasa kwa watoto na kwa wazee ambao nafasi ya uti shingoni imekuwa nyembamba: eksirei haionyeshi mvunjiko wowote, na bado miguu haisogei. Ndiyo maana daktari huomba MRI, picha inayoonyesha uti wenyewe, hata kama eksirei iko sawa.

Kwa hiyo uti wake umekatika?

Mara nyingi haujakatika. Umepondwa. Boda boda inapogongwa na lori pale Salgaa, au kijana anapoteleza juu ya mwembe, pingili huhama na kuubana uti kwa sekunde moja. Nyuzi nyingi za neva hufa, lakini pembeni hubaki ukingo wa nyuzi zilizo hai, wakati mwingine hata kwa mtu ambaye hasikii kitu chini ya kitovu. Kisha huja wimbi la pili: uvimbe, damu kukosa njia, kemikali zinazomwagika kutoka kwenye seli zilizokufa. Jeraha hupanuka kwa saa na siku kadhaa baada ya ajali yenyewe.

Wimbi hilo la pili ndilo linalopiganiwa na madaktari wa dharura. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu majeraha ya shingo ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mgandamizo ndani ya saa 24 walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata nafuu kuliko waliocheleweshwa. Ukitoka kijijini Siaya au Busia, saa 24 huisha upesi kuliko unavyodhani.

Tufanye nini pale barabarani?

Msimnyanyue kwa kwapa na miguu. Msimkalishe kati ya watu wawili kwenye boda boda, hata kama hospitali iko karibu. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kikae sawa na mwili, na asikiachie. Wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja, kama kitu kimoja, na kumweka juu ya ubao. Mlango uliong'olewa unafaa kabisa. Kama anapumua na hakuna moto wala magari yanayokuja, kumwacha alale pale mkisubiri ambulensi ni bora kuliko haraka.

Mbona neva ya mkononi hupona, ya mgongoni haiponi?

Hili ndilo swali lenyewe. Wanasayansi wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 100.

Panga likikukata neva kifundoni, ule upande uliotengwa na seli mama hufa, lakini ala yake hubaki. Seli za Schwann zinazoishi humo husafisha mabaki, hujipanga mstari, na kumwaga vichocheo vya ukuaji. Uzi mpya huota kutoka upande mzima na kuifuata ala hiyo, kama maharage yanavyopanda bua la mahindi, kwa mwendo wa milimita 1 hivi kwa siku. Kutoka kiwiko hadi ncha za vidole ni zaidi ya mwaka. Polepole, lakini hufika.

Ndani ya uti mambo ni tofauti. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, alitazama kwa darubini nyuzi zilizokatwa kwenye uti wa wanyama na kuona zikijaribu kuchipua, kisha zikikwama. Aliandika hayo mwaka 1913 na 1914, na kwa miongo mingi watu walikumbuka kukwama tu, wakasahau kwamba alikuwa ameona pia kuchipua.

Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal, Kanada, walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya na kukipandikiza kama daraja kati ya shina la ubongo na uti. Nyuzi za mfumo wa kati wa neva (ubongo na uti), zile zilizosemekana haziwezi, ziliingia kwenye daraja na kukua sentimita 3 hivi. Zilipofika mwisho na kulazimika kuingia tena kwenye uti, zikasimama. Kwa maneno mengine, seli inao uwezo. Mazingira ya uti ndiyo yanayoikatalia.

Mimi huwasimulia wagonjwa jaribio hilo kuliko jingine lolote, kwa sababu karibu kila utafiti unaosikia leo umetoka kwenye matokeo yake.

Ni nini humo ndani kinachoikatalia neva?

Vitu angalau vitatu, na kila kimoja kina maabara zake.

Cha kwanza ni mayelini, ule utando wa mafuta unaozunguka nyuzi. Martin Schwab na wenzake mjini Zurich walionyesha kwamba mayelini ya mfumo wa kati ina protini zinazozuia ukuaji. Mwaka 1990 walitoa matokeo ya panya waliopewa kingamwili dhidi ya protini hizo: baadhi ya nyuzi zilikua kupita jeraha. Jeni ya protini maarufu zaidi, Nogo, ilitambuliwa mwaka 2000. Safari ya kutoka kwa panya hadi kwa binadamu ikachukua miaka mingine zaidi ya 20. Matokeo ya jaribio la Ulaya kwa watu zaidi ya 100 walioumia shingo yalitoka mwishoni mwa 2024: ukiwachukua wote kwa pamoja, waliopata dawa hawakuwazidi waliopata sindano isiyo na dawa. Dalili za nafuu zilionekana kwa wale ambao jeraha lao halikuwa kamili, yaani neva za chini kabisa za uti zilibaki na hisia au nguvu kidogo. Si ushindi, lakini mlango haujafungwa.

Cha pili ni kovu. Mahali palipopondwa hujaa seli za nyota (seli saidizi za ubongo na uti, zenye umbo la nyota) na molekuli za sukari na protini ambazo uzi wa neva hauwezi kuzipenya. Mwaka 2002, Elizabeth Bradbury na wenzake London walitumia kimeng'enya cha bakteria kuzimeng'enya molekuli hizo, na panya wao wakapata nafuu ya kutembea. Tukaanza kusema kovu ni adui. Kisha mwaka 2016 kundi la Michael Sofroniew huko California likalizuia kovu la seli za nyota lisijengeke, na nyuzi hazikuota zaidi. Mambo hata yaliharibika. Kovu lile lile huzuia na husaidia. Mtu akikwambia ana dawa ya kuyeyusha kovu la uti, muulize analijua jambo hili.

Cha tatu ni seli yenyewe kuzeeka. Seli ya neva ya kijusi hukua kwa kasi. Ikikomaa huzima mitambo hiyo. Kundi la Zhigang He huko Boston lilizima jeni iitwayo PTEN kwenye panya wadogo, na mwaka 2010 likaonyesha nyuzi za amri ya misuli zikiota kupita jeraha la uti. Tatizo ni kwamba PTEN ni mojawapo ya breki za saratani mwilini. Huwezi kumzimia mtu breki hiyo hivi hivi.

Nimesikia kuna wanyama ambao uti wao hupona wenyewe. Kweli?

Kweli kabisa, na wengine ni majirani zetu.

Mkazi wa Kisumu anamjua kamongo, samaki wa Ziwa Victoria. Mwaka 2020 watafiti wa Brazil walichapisha kazi juu ya kamongo wa Afrika Magharibi, ndugu wa huyu wa ziwa letu: mkia wake ukikatwa huota upya, pamoja na misuli na uti ndani yake. Samaki wadogo wa maabara waitwao zebra hurudia kuogelea wiki kadhaa baada ya uti wao kukatwa.

Ila samaki ni samaki. Kilichowashtua watafiti zaidi ni panya-miiba. Huyu ni mamalia kama sisi, na baadhi ya spishi zake huishi kwenye vilima vya mawe vya Laikipia. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake, waliofanya kazi hapa Kenya, walieleza kwamba ngozi yake huchanika kirahisi akikamatwa, kisha huota upya na manyoya yake bila kovu la kawaida. Baadaye kundi la Mónica Sousa huko Porto, Ureno, likajaribu uti wa panya-miiba wa Misri. Mwaka 2022 liliripoti kwamba hata uti ukikatwa kabisa, nyuzi zilivuka mahali palipokatwa na miguu ya nyuma ikarudi kufanya kazi kwa kiasi. Tofauti mojawapo ilikuwa kwenye zile molekuli za sukari za kovu.

Hapana, kula kamongo hakuoteshi neva. Huulizwa hilo kwa utani, lakini si mara zote ni utani.

Na yule mtu kwenye video anayetembea na waya mgongoni? Neva zake zimeota?

Kwa sehemu kubwa, hapana, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Chini ya jeraha, uti bado una mitandao inayojua kupanga hatua za mguu. Imekosa amri tu. Elektrodi zikiwekwa juu ya utando wa uti na kutoa umeme mdogo, mitandao hiyo huamka, na zile nyuzi chache zilizonusurika huweza kusikika tena.

Mwaka 2011 kundi la Louisville, Marekani, liliripoti kijana aliyepooza aliyeweza kusimama kwa njia hiyo. Mwaka 2018 Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch, wa Lausanne, Uswisi, walionyesha wanaume watatu wakitembea kwa msaada wa vifaa. Mwaka 2023 wakamwonyesha Mholanzi, Gert-Jan Oskam, aliyewekewa pia vifaa vya kusoma mawimbi ya ubongo, hivi kwamba wazo la kuinua mguu hupelekwa bila waya hadi kwenye uti. Aliweza kupanda ngazi. Alisema pia kwamba baada ya mazoezi anapiga hatua kwa magongo hata kifaa kikizimwa.

Video haikuonyeshi miezi ya mazoezi ya kila wiki, timu ya wahandisi, wala ule mshipi wa kumbeba.

Kwa mikono kuna hatua ya karibu zaidi na maisha ya kawaida: kifaa kinachobandikwa kwenye ngozi ya shingo, bila upasuaji. Watu 60 walikijaribu wakifanya mazoezi ya mikono, na asilimia 72 walipata nafuu ya nguvu na ya matumizi ya mkono. Marekani ilikiidhinisha Desemba 2024. Mashine ya umeme ya kukanda misuli inayouzwa dukani si kifaa hicho, na usiibandike shingoni.

Tumeambiwa kuna kliniki ng'ambo ya seli shina. Familia inataka kuuza shamba.

Msiuze.

Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, ni utafiti wa kweli. Jaribio la kwanza la seli shina za kiinitete kwa waliopooza lilianza Marekani mwaka 2010, na kampuni iliyolianzisha ikaliacha mwaka uliofuata kwa sababu za fedha. Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kilitangaza mwaka 2025 matokeo ya watu wanne wa kwanza waliopandikizwa seli zilizotengenezwa upya maabarani: wawili walipata nafuu, na mmoja wao akaweza kusimama. Watu wanne. Hata kama mimi ningekuwa mgonjwa, nisingeweka ekari moja rehani kwa watu wanne.

Madhara nayo yapo. Mwaka 2014 madaktari waliripoti mwanamke Mmarekani aliyepandikizwa mgongoni, huko Lisbon, tishu za ndani ya pua yake. Miaka minane baadaye alikuwa na maumivu, na ndani ya uti wake walikuta uvimbe wa sentimita 3 uliokuwa ukitoa kamasi. Nafuu haikuwepo.

Kipimo changu ni rahisi. Jaribio halali halikutozi pesa ili ujaribiwe. Lina kundi la kulinganisha au mpango wa wazi wa kupima matokeo. Hapa Kenya lazima lipite kwenye kamati ya maadili, lipate kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), na kama ni dawa, lipite Bodi ya Famasia na Sumu. Wakikutumia ushuhuda wa video na nambari ya akaunti, umeshapata jibu.

Mama alipooza pole pole, bila ajali. Utafiti huu unamhusu?

Subiri kwanza. Kupooza kunakoanza na maumivu ya mgongo ya wiki au miezi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda na pengine kibiongo, kunaweza kuwa kifua kikuu cha pingili. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, na bado kipo. Mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo, kwa hiyo familia hupoteza miezi kwa wakandaji. Hapa usaha na mfupa uliobomoka ndio unaobana uti. Ukipata dawa mapema, na upasuaji ikibidi, wengi hurudi kutembea. Dawa za TB hazilipiwi kwenye hospitali za umma. Mpelekeni wiki hii.

Daktari alimdunga pini mwili mzima, hadi njia ya haja kubwa. Ilikuwa lazima?

Ndiyo, msione haya. Kipimo hicho hugawa jeraha kutoka A hadi E. A ni kamili: hakuna hisia wala nguvu katika neva za mwisho kabisa za uti, zile za njia ya haja kubwa. Akisikia pini pale, au akiweza kukaza msuli ule, jeraha si kamili, na matumaini hubadilika sana. Nimeona familia ikilia kwa sababu kidole gumba cha mguu hakisogei, wakati daktari amefurahi kwa jibu la "nasikia" lililotoka kwingine.

Kipimo kirudiwe. Siku za mwanzo uti huwa kwenye mshtuko na huficha mengi. Nafuu kubwa huja miezi 6 hadi 9 ya kwanza, na inaweza kuendelea hadi mwaka mmoja na nusu.

Kumkanda kwa maji moto husaidia?

Humchoma. Ngozi isiyosikia haitakwambia kwamba taulo ni la moto kupita kiasi. Nimetibu mapaja yaliyobabuka kwa sufuria ya chai iliyowekwa magotini kwa dakika chache tu.

Nitaweza kupata watoto?

Wanawake wengi, ndiyo: hedhi hurudi baada ya miezi kadhaa na mimba hushika kama kawaida, ila inahitaji kliniki inayojua hali yako. Wanaume mara nyingi huhitaji msaada wa daktari. Ulizeni, hata kama aliye mbele yenu ni kijana kuliko ninyi.

Basi tiba itafika lini, na tufanye nini hadi hapo?

Hakuna tarehe, na anayeitaja anauza kitu. Wengi wa watafiti wanaamini itakuwa mchanganyiko: dawa ya kufungua njia, kitu cha kuichochea seli, umeme, na mazoezi mengi juu ya yote. Mchanganyiko huo utahitaji mwili ulio tayari. Kifundo cha mguu kilichokakamaa kikiangalia chini hakitakanyaga sakafu hata neva zote zikirudi. Majaribio mengi humkataa mwenye kidonda kilicho wazi.

Kwa hiyo: ageuzwe kila saa 2 kitandani. Akiwa kwenye kiti, ajiinue au ainamishwe mbele kila dakika 15 hadi 30. Msimkalishe juu ya pete ya tyubu ya gari. Inakata damu pembezoni na kidonda huanza hapo hapo. Tazameni ngozi ya makalio na visigino asubuhi na jioni, kwa kioo kama yuko peke yake. Kibofu kitolewe mkojo kwa katheta (mpira wa mkojo) safi kila saa 4 hadi 6 kama alivyofundishwa, badala ya kusubiri kijae. Viungo vyote vinyooshwe kila siku, kifundo cha mguu kwanza.

Aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu zaidi, akianza ghafla kuumwa kichwa sana, kutoka jasho usoni na uso kuwa mwekundu, mkalisheni wima, legezeni nguo, na mwangalie kama mpira wa mkojo umejikunja. Presha inaweza kupanda hadi kuleta kiharusi. Isiposhuka upesi, hospitali. Wahudumu wengine hawaijui hali hii, kwa hiyo iandikeni kwenye karatasi na aibebe.

Kwa kiti cha magurudumu, ulizeni APDK, chama cha walemavu wa viungo Kenya, ambao wana tawi Kisumu, na jiandikisheni na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kiti kipimwe kwa mwili wake. Cha msaada kilicho kipana mno humpinda mgongo.

Nikiwa Kakamega naweza kushiriki utafiti?

Majaribio mengi ya kuotesha neva hutaka mtu aliyeumia siku au wiki chache zilizopita, na hufanyika mbali. Ya umeme na mazoezi mara nyingi hupokea walioumia miaka iliyopita. Yanayoendelea duniani huorodheshwa hadharani kwenye ClinicalTrials.gov, njoo na jina la jaribio tulisome pamoja. Na tunzeni karatasi: tarehe ya ajali, ripoti ya upasuaji, ile herufi ya A hadi E, na sidii ya MRI. Wengi hutupa sidii wakidhani ripoti inatosha.